Siku Baba Alipompiga Mtani Wake

Niseme mapema kwamba mimi sina subira, na ule mwaka wa uchaguzi haukuwa mwaka wa watu wa aina yangu. Lubumbashi nzima ilikuwa haikai. Magari yenye vipaza sauti yalianza kupita kabla hatujanawa uso, kila moja likimsifu mtu wake, na yakikutana kwenye njia panda yalishindana kelele mpaka kichwa kinauma. Watu walinunua unga wakauficha chini ya kitanda kwa sababu fulani alimsikia fulani akisema vita inarudi. Jirani yetu alifunga mizigo akawapeleka watoto wake Zambia, akawarudisha, kisha akafunga mizigo tena. Askari walisimama mahali ambapo jana hawakuwepo, na hakuna aliyejua wanamlinda nani. Mimi nilikuwa nauza mikate mbele ya parseli yetu, yaani kiwanja cha nyumba, na nilikwisha kuzoea kufunika beseni na kukimbia, halafu kurudi na kuuliza nimekimbia nini.

Nyumbani tulikuwa watatu tu, maana mama yangu alikwisha kufariki: mimi, baba, na mama yake baba, ambaye sisi tulimwita nkambo. Nkambo alikuwa amelala kwenye mkeka siku nzima. Miguu ilimkatalia, lakini mdomo, wee, mdomo ulikuwa mzima. Baba alikuwa mtu wa kampani. Alichoma shaba kwenye tanuru tangu kabla sijazaliwa, na kampani ilipoanguka yeye hakuamini. Alisema imelala. Wenzake walianza kuuza makaa, wengine walirudi vijijini, wengine pombe iliwamaliza, lakini baba aliendelea kufua ovaroli yake na kuitundika nyuma ya mlango, tayari. Tulikuwa na shamba dogo huko Annexe, pembeni ya mji, na mvua za kwanza zilikwisha kunyesha, ila mahindi hayakupandwa, kwa sababu mwenye jembe alikuwa bungeni.

Bunge lenyewe lilikuwa la kusimama. Kwenye kona moja ya mjini, muuza magazeti alitandaza magazeti yake chini na kuyawekea mawe yasipeperuke. Wanaume waliinama, wakasoma vichwa vya habari bila kununua, wakanyooka na kuanza kubishana. Hakuna aliyekaa. Aliyetafuta mahali pa kukaa alihesabiwa kuwa ameshindwa. Pale marais waliwekwa na kuangushwa kabla ya chakula cha mchana, na watu ambao nyumbani hawakuweza hata kukubaliana na wake zao juu ya chumvi walipanga majeshi na mabenki. Nilikichukia kile kijiwe, sifichi. Lakini nilipokwenda kumwita baba nilikuwa nasimama kidogo pembeni kumsikiliza, maana alijua kusema. Mgombea wake alikuwa ameahidi kwamba tanuru zitawaka tena. Baba alilirudia neno hilo, zitawaka tena, na watu walinyamaza.

Sasa nimtaje mtani wake. Alikuwa mwanaume wa Kipushi. Zamani alishuka chini ya ardhi kuchimba, na mgodi ulipofungwa alianza kuvusha unga kutoka Zambia kwa baiskeli na kutuletea mjini. Ukoo wetu ni wa uyoga, wake ni wa mvua, na kwetu koo hizi mbili ni watani tangu mababu. Mtani anakutukana, anakunyang'anya chakula mkononi, anakutukania hata mzazi wako, na wewe hukasiriki. Huwezi kukasirika. Na ukifiwa, ni yeye anayechimba kaburi, anayebeba maiti, anayewafanya wafiwa wacheke wakiwa bado wanalia. Ndugu hawajiziki wenyewe. Watani wanawazika.

Basi huyu mtu alikuwa akifika kwetu anaegemeza baiskeli ukutani na kwenda moja kwa moja kwenye mkeka wa nkambo.

"Mama, weye ukufe basi. Jembe yangu inaanza kushika kutu."

Na nkambo, ambaye asubuhi nzima alikuwa anaugua, aliinuka kwa kiwiko, macho yanang'aa.

"Weye utangulie. Ile kichwa yako itaomba shimo mbili."

Walicheka mpaka nkambo akakohoa. Baba alimwita yule "matope", yeye alimwita baba "maiti yangu". Halo maiti yangu, umeamukaje? Alikula bukari, ugali wetu, bila kukaribishwa, akaniambia kuku wetu anapika vizuri kuliko mimi, akaondoka. Siku aliyokuja nkambo alikula. Siku ambayo hakuja tulimbembeleza kama mtoto.

Mgombea wa mtani alikuwa mwingine. Wa kwake aliahidi barabara na kulegeza mambo ya mpakani, na kwa mtu wa baiskeli hayo si maneno madogo. Mwanzoni walibishana kwetu, juu ya sahani moja, na ilikuwa utani mtupu. Lakini kadiri siku ya kura ilivyokaribia, baba alianza kuvaa fulana ya mgombea wake kila siku, akaacha kucheka haraka. Nkambo aliona. Alimwambia aivue ile fulana akila. Baba alisema nguo ni nguo.

Siku yenyewe nilikwenda kumwita baba kwa sababu ya mbegu. Nilikuwa nimekasirika, nimechoka na mahindi yasiyopandwa na magari ya kelele. Pale kwenye kona watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Lori lilikuwa limewashusha vijana waliovaa fulana kama ya baba, vijana nisiowajua, si wa mtaa wetu. Baba alikuwa katikati anasema juu ya tanuru, na alisema vizuri kuliko siku zote. Alieleza jinsi shaba inavyotoka ikiwa nyekundu, na jinsi mji mzima ulivyokuwa unaamka kwa king'ora kimoja. Niliona mzee mmoja anafuta macho. Ndipo mtani akafika na baiskeli yake, gunia la unga nyuma, akaisukuma katikati ya watu.

"Musimusikilize ule," alisema kwa sauti kubwa. "Ni uyoga ya juzi. Mugombea yake atawasha tanuru na nini? Na nywele ya mama yake? Ile kampani ilikufa, ilioza. Miye njo nitaizika, pamoya na mama yake, shimo moya."

Watu walicheka. Hata yule mzee wa machozi alicheka. Na baba, ambaye kwa miaka yote alikuwa ameambiwa mabaya zaidi ya hayo kuhusu mama yake na akajibu kwa kicheko, alinyoosha mkono akampiga kofi la uso.

Najua ni neno gani lilimchoma. Si la nkambo. Ni lile la kampani, kwamba ilikufa. Hakuna mtu aliyewahi kumtamkia baba neno hilo mbele ya watu.

Mtani alitabasamu kwanza. Alidhani ni mchezo, na alikuwa anatafuta la kujibu. Lakini wale vijana wa lori hawakutaka kujua mvua wala uyoga. Walichoona ni mtu wao amempiga adui, basi wakamalizia kazi. Walimwangusha, wakampiga mateke, wakachana gunia, unga wote ukamwagika njiani. Baba sasa alikuwa anapiga kelele, muache, muache, ni mutani yangu. Mmoja wao alimwuliza mutani ni nini, na si wewe umeanza? Muuza magazeti alikusanya mali yake akakimbia. Walipochoka waliimba wimbo wao na kwenda zao. Baba aliinama kumwinua mwenzake, lakini mtani aliinuka mwenyewe. Alijipangusa, akainua baiskeli, akaisukuma akitembea kwa miguu kuelekea Kipushi, na baba alibaki na unga kwenye viatu.

Nkambo alitaka kusikia yote, nami nikamweleza yote. Sikumpunguzia baba hata tone moja. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mwanawe akae karibu naye.

"Umepiga mutani," alisema. "Juu ya muntu asiyejua ata jina yako."

Baba alijitetea kidogo. Nkambo alimwuliza jambo moja tu: nani atanizika? Baba alisema utazikwa mama, bantu iko mingi. Nkambo aligeukia ukuta. Baadaye, nilipokuwa namsugua miguu, aliniambia jinsi mama yake mwenyewe alivyozikwa: watani walikuwa wamevaa nguo za marehemu na kutembea kama yeye, mgongo hivi na mdomo hivi, na nkambo alicheka huku kamasi zinamtoka, na tangu siku ile hakuogopa kufa. Hakutaka sanduku zuri wala maua. Alitaka kuchekwa. Alisema hivyo wazi, na aliogopa, na mimi kuona nkambo anaogopa kuliniudhi kuliko vita yao yote ya wagombea.

Kosa la namna ile lina dawa yake kwetu. Unapeleka kuku mweupe na unga, unakubali kosa, mtani anakutukana matusi ya kutosha na mambo yanakwisha. Nilimsukuma baba kila siku mpaka alipopanda gari la Kipushi na kuku mkononi. Aliivua ile fulana, nimpe haki yake. Alirudi jioni uso umefunguka. Amekubali kuku, alisema. Hakuna neno tena. Alisimulia jinsi alivyopewa kiti, akaletewa maji safi ya kunywa kwenye glasi, akaambiwa kwa heshima, kama mzee mgeni, karibu papa, asante papa, safari nzuri papa.

"Alikutukana nini?" nkambo aliuliza.

"Hakunitukana, mama. Alinipokea muzuri kabisa."

Baba aliendelea kufurahi peke yake, mpaka aliponiangalia na kuona sifurahi. Nadhani hapo ndipo alipoelewa, maana alitoka nje na kwenda kupanda mahindi yaliyochelewa, na hakurudi tena kwenye ile kona.

Tulingoja mtani aje na baiskeli yake. Hakuja. Unga wetu tulianza kuununua kwa mfanyabiashara mkubwa, mtu wa Kivu ya Kaskazini, mpole, ambaye kila mara alituambia Mungu awabariki. Nkambo alikula kijiko kimoja, viwili, akasukuma sahani. Kila baiskeli iliyopita ilimgeuza kichwa. Nikamwambia baba arudi Kipushi, amwangukie miguuni. Akasema mutu amekubali kuku yako, utamwomba nini tena? Na kweli, ungemwomba nini?

Nkambo alifariki wiki ya kura, mchana, magari yanapita na kelele zao. Tulituma habari Kipushi bila kujua kama mtani atakuja. Lakini mtani alikuja. Alikuja na ndugu zake wa ukoo wa mvua kabla hata jamaa zetu wengine hawajafika, akavua koti, akaomba aonyeshwe kazi. Moyo wangu ulishuka mahali pake. Niliingia chumbani nikatoa kitenge cha nkambo na kitambaa chake cha kichwa, nikaviweka juu ya kiti mlangoni, pale ambapo mtani angeviona. Ndivyo inavyofanyika. Avivae, akunje mgongo, adai chai kwa sauti ya nkambo, aniambie mikate yangu ni mawe. Nilisimama pale nikangoja, na kicheko kilikwisha kunifika kooni.

Alivichukua. Alikunja kitenge pembe kwa pembe, akaweka kitambaa juu yake, akanipa kwa mikono miwili.

"Uchunge, mama. Iko kitambaa muzuri."

Nilitaka kumpiga mimi mwenyewe. Nilitaka kupasua kile kitenge mbele yake. Nilisema asante.

Alifanya yote yanayompasa. Kaburi lilikuwa limenyooka, udongo umepangwa upande mmoja. Hakuruka ndani akakataa kutoka, hakuzuia sanduku njiani kudai pombe, hakumwita nkambo mvivu aliyengoja kubebwa. Jamaa waliotoka mbali walimsifu. Walisema siku hizi watani wengi wanazidisha, huyu ana adabu. Baba alisikia sifa hizo zote amesimama ameshika kofia. Wanawake tulilia, na hakuna mtu aliyetukatiza, basi tulilia tu mpaka machozi yakaisha yenyewe.

Udongo ulipojazwa, watu walianza kuondoka. Mtani alibaki anasawazisha pembeni ya kaburi. Baba alimwendea, mimi nikafuata nyuma kwa sababu nilimwogopea.

"Nitukane," baba alisema.

Mtani aliendelea na kazi.

"Nitukane kidogo tu. Sema nilikuwa mujinga. Sema juu ya kampani, sema ilikufa. Ilikufa kweli. Mutukane ata mama, alikuwa anakungoya."

Yule mwanaume aliegemeza jembe, akafuta jasho, akamtazama baba kwa upole kama unavyomtazama mtu mliyekutana naye kwenye ofisi ya watu.

"Apana, papa," alisema. "Miye minakuheshimu."

Akampa mkono, akatupa pole sisi wawili, akaenda kuungana na ndugu zake.