Kuchuma Maneno Ukutani

Fwaa. Fwaa. Halafu kimya kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, halafu tena fwaa. Hiyo ilikuwa sauti ya kiganja cha mama yangu kikilaza gazeti bichi juu ya ukuta wa udongo. Nikiisikia hata leo, hata kama ni mtu tu anapangusa meza kwa kitambaa, pua yangu inanusa Krismasi.

Kwetu Kibera Krismasi haikuanza na kuku wala nguo mpya. Ilianza na uji wa unga wa ngano, mzito, bila sukari, uliopikwa kwenye sufuria kuukuu na kuachwa upoe. Mama aliupaka ukutani kwa kishungi cha mkonge kilichobaki kwenye viondo alivyosuka, akalaza gazeti, fwaa, na baridi ya usiku na vumbi vikabaki nje. Magazeti ya mwaka uliopita yalikuwa yamegeuka rangi ya chai kwa moshi wa jiko, na mende walikuwa wamekula kingo zake. Mapya yalifunika ya zamani. Ukuta wetu ulikuwa na Krismasi nyingi ndani yake.

Magazeti aliyapata kwa familia aliyoifulia nguo ng'ambo ya Ngong Road, na yalikuwa ya Kiingereza. Mama hakuingia darasani hata siku moja. Kwao Machakos alichunga mbuzi. Kwa hivyo alibandika alivyoona inapendeza: wanaume wenye tai karibu na mlango ili mgeni awaone kwanza, wanawake wenye kofia karibu na jiko, na maandishi popote palipobaki. Nusu yake yalisimama kwa kichwa. Mimi nilijua kusoma Kiingereza kilichopinduka kabla sijakisoma vizuri kilichonyooka, na sijisifu, maana shingo ndiyo iliyoumia.

Nilikuwa nimeanguka mtihani wa darasa la saba. Kiingereza ndicho kilichoniangusha. Lakini upande wa Riruta kulikuwa na shule ya sekondari ya harambee iliyopokea wanafunzi kwa mtihani wake yenyewe, kila Januari, na huo ulikuwa mlango wangu wa mwisho. Nisipoupita, ile familia ya ng'ambo ilikuwa inanisubiri niwe yaya wa watoto wao. Mama alikuwa amewaambia, "Ngojeni kwanza. Huyu wangu atatangaza habari redioni." Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Nilikuwa nimeshachagua hata sauti. Nilikuwa naifanyia mazoezi nikiwa kwenye foleni ya maji, na watu walidhani nina mafua.

Basi jioni nikawa natembea mpaka Kawangware, kwenye jumba la kanisa nyuma ya soko liitwalo 56, ambako kijana mmoja wa hapo alitufundisha Kiingereza sisi tulioanguka. Alikuwa mtoto wa watu wenye ardhi yao, wale ambao mashamba ya baba zao yalikuwa yanageuka ploti za kupangisha, lakini yeye viatu vyake vilikuwa na matundu kama vyetu. Alituambia yule mkubwa wa shule ya Riruta anapenda jambo moja kuliko yote, kuunda maneno. Ukurasa mzima wa kwanza wa mtihani wake huwa ni huo. Unapewa neno dogo, unalivalisha mbele, unalivalisha nyuma. Mwalimu wetu hakutusumbua na majina makubwa. Kinachoingia mbele alikiita kichwa, kinachoingia nyuma alikiita mkia.

Alisimama katikati akapiga kelele, "Happy!"

Upande wa madirisha tukajibu, "Un!"

Upande wa mlango wakamalizia, "Ness!"

"Kind!"

"Un!"

"Ness!"

Siku moja mama mmoja wa sokoni alichungulia dirishani na karai la dagaa wa omena kichwani, akauliza, "Nyinyi watoto, mnafukuza nini humo ndani?" Tulicheka mpaka mwalimu akakaa chini.

Nyumbani sikuwa na kitabu, ila nilikuwa na kuta. Nilisimama juu ya kitanda na kipande cha makaa, nikawa natafuta vichwa na mikia katika magazeti ya Mama, nikipiga mstari chini ya kila nilichokipata. Karibu na jiko kulikuwa na mikia mingi ya "tion", kwa sababu huko ndiko hotuba za mawaziri zilikobandikwa. Mama alikaa chini akisuka, ananitazama kama mtu anayetazama sinema.

"Mtangazaji, leo umechuma?"

"Nimechuma, Mama."

"Mengi?"

"Ya kutosha supu."

Kuchuma. Yeye aliona ni kama kunde. Mkono unapita, kinachofaa kinatoka.

Darasa letu lote lilikuwa na kitabu kimoja cha mazoezi, cha mwalimu mwenyewe. Kilikuwa kizee. Jalada lilishapotea na majani yalikuwa yametoka kwenye mshono, kwa hivyo aliyaweka pamoja kwa kuyafunga na uzi, kama kifurushi. Tulikipokezana. Kila mtu alikaa nacho siku zake, akanakili anachoweza, akampa mwingine. Krismasi ilipokaribia wengi walikwenda makwao mashambani, na kitabu kikaniangukia mimi niliyekuwa sina nauli ya kwenda kokote. Nilikaa nacho likizo nzima! Nilitembea kutoka Kawangware nimekikumbatia kifuani, na nilipofika nikakifungua kitandani, nikatandaza majani yake, nikamwambia Mama, "Tazama, sasa huyu Mzungu hana pa kujificha."

Mwaka ule ile familia ya ng'ambo ilikwenda Mombasa mapema. Hakukuwa na nguo za kufua, na hakukuwa na magazeti. Mama aliokota machache huku na huku, mengine yamefungia nyama, akayaanika juani.

Siku moja nilikuwa nimetoka kanisani, kwenye mazoezi ya nyimbo za Krismasi. Nilipofika kwenye uchochoro wetu nikaisikia. Fwaa. Fwaa. Nikafurahi, nikaongeza mwendo. Mama alikuwa amesimama juu ya kitanda, uji umemfika viwikoni, na ukuta wote wa juu ya mto wangu ulikuwa mweupe. Si rangi ya gazeti. Mweupe wa kitabu.

"Magazeti yaliisha," akasema. Alikuwa anacheka. "Nikaona haya yako ni mazuri zaidi, tena yalishatoka kwenye uzi. Nimeyaweka kwa kichwa chako. Ukiamka tu, unachuma. Hata kitandani hutoki."

Nilitafuta uzi kwa macho. Ulikuwa sakafuni, Mama amemfungia nao paka wa jirani kwenye mguu wa meza asikanyage uji.

Kwetu karatasi yenye maandishi ilikuwa na safari moja. Inasomwa na wenyewe, inatupwa, inakuja ukutani, na hapo imefika. Mama hakuwahi kuona karatasi iliyotoka kwenye mshono ikirudishwa kwa mtu. Na kwa kuwa aliniona kila siku nikisoma kuta, aliamini hivyo ndivyo ninavyosoma.

"Imependeza, Mama," nikasema.

Siku zile za Krismasi nilizimaliza nimelala chali. Kila jani lilikuwa na upande mmoja unaonitazama na upande mwingine unaotazama udongo. Maswali nilikuwa nayo, maelezo yameingia ukutani. Kwingine maelezo niliyaona na mazoezi yakazama. Mama alipokwenda sokoni nililowesha kitambaa nikajaribu kubandua jani moja polepole, kuanzia kona. Lilitoka likiwa nusu karatasi nusu ukuta. Nikalirudisha haraka, nikalilaza kwa kiganja, nikapiga kelele kwenye mto.

Likizo ilipoisha akaja binti wa mwenye ploti mmoja wa Kawangware, tuliyesoma naye kule jumbani. Alikuwa mchangamfu, viatu vya raba vyeupe, na hakuwahi kufika kwetu.

"Sasa? Nimekuja kuchukua kitabu. Ni zamu yangu."

Nilisimama mlangoni nikijaribu kuwa mpana. Mama akamkaribisha ndani. "Kitabu gani, mwanangu?"

"Kile cha mwalimu, Mama. Cha sisi wote."

Mama aligeuza kichwa. Alitazama ukuta. Yule msichana akayafuata macho yake.

"Ngai! Mmekipiga plasta!"

Alicheka, kweli alicheka, hata akashika mbavu. Halafu ghafla akanyamaza, kwa sababu naye alikuwa anafanya mtihani uleule, na nikaona machozi yanamjaa. Akaondoka bila kuaga.

Mama alikaa kitandani.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaniambia imependeza."

"Imependeza, Mama. Kweli."

Aliinuka. Alichukua sufuria ya maji ya moto na kitambaa, akaanza kubandua. Nilimsihi aache. Alibandua mchana wote, kwa kucha, kwa kisu cha kukatia sukuma wiki, kwa kijiko, na udongo ukawa unamwagika kwenye mto wangu kama mvua kavu. Vipande vilivyotoka alivianika kwenye kanga. Kesho yake akavitia kwenye kiondo kipya, kile alichokuwa anakisuka auze, akavaa viatu vyake vya kanisani, na akatembea nami mpaka Kawangware.

Aliingia jumbani mwalimu akiwa katikati ya neno. Wote wakageuka. Mama akaweka kiondo mezani.

"Mwalimu, huyu mtoto hana makosa. Ni mimi nilikibandika. Kusoma sijui, lakini kubandika najua. Ndiyo maana kimekataa kutoka."

Upande wa madirisha, upande wangu mimi, mvulana mmoja akasema, "Mwalimu, tuchemshe tunywe supu?" Jumba likalipuka. Mama naye akatabasamu kidogo, kwa heshima, kwa sababu hakujua kama kicheko hicho ni chake au cha nani.

Mwalimu hakucheka. Alitia mkono kwenye kiondo akatoa kipande, akatoa kingine, akajaribu kuvipanga juu ya meza. Hata kichwa kimoja hakikupata mkia wake. Udongo ulianguka kwenye daftari lake akaupuliza.

"Haidhuru, Mama," akasema. "Rudi nyumbani tu. Haidhuru."

Ningependa angepiga kelele. Lile "haidhuru" lilikuwa laini sana, na Mama alilibeba njia yote. Tulipovuka Ngong Road akauliza, "Haidhuru maana yake nini, wakati nusu ya watoto hawajakipata?" Nikasema sijui.

Mtihani niliufanya. Niliamka mapema nikaoga kwa maji ya baridi nikapita Riruta nikiimba kwa sauti yangu ya redioni, kwa sababu hata wakati ule bado nilikuwa na ujinga wa kutumaini. Ukurasa wa kwanza ulikuwa maneno, kama mwalimu alivyotuambia. Nilipoyasoma niliyaona yote mahali pake ukutani, hili juu ya mto, lile karibu na msumari wa taa. Niliyajua mpaka pale karatasi ilipogeuka. Upande wa pili ulikuwa ndani ya udongo. Niliacha nafasi nyingi nyeupe.

Mkubwa wa shule alituambia matokeo tukiwa getini, mmoja mmoja. Kwangu alisema, "Jaribu mwaka ujao." Yule msichana wa raba nyeupe naye aliambiwa hivyohivyo. Tulitazamana, nikataka kumshika mkono, akauficha nyuma.

Mwaka uliofuata nilikuwa kwa ile familia ya ng'ambo ya barabara, namfuta pua mtoto wa watu. Magazeti wananipa, bado ni ya Kiingereza, nampelekea Mama kila Jumapili ninapopata ruhusa. Anayapokea, anashukuru, anawashia jiko. Desemba ilikuja akasema mgongo unamuuma. Desemba nyingine akasema unga umepanda bei. Ukuta wa juu ya kitanda uko vilevile, udongo mtupu wenye alama za kisu, na jani moja tu lililomshinda, kwenye kona ya juu ambako hakufikia. Hatulizungumzii. Na hajaniuliza tena kama nimechuma. Wakati mwingine nasimama mbele ya magazeti ya zamani karibu na jiko, naweka kidole chini ya neno, nasubiri aulize. Anainamisha kichwa kwenye kiondo chake.

Jumapili iliyopita nilifika akiwa kanisani. Chumba kilikuwa baridi. Lile jani la kona lilikuwa limeanza kuinuka, unyevu umeingia nyuma yake, na lilikuwa linapepea kidogo kila upepo ulipopita chini ya bati. Lingevutwa mara moja tu, lingetoka zima. Ningeweza hata kuona upande wa pili.

Nilipanda kitandani. Nikachukua kipande cha ugali wa jana kwenye sufuria, nikakilainisha kwa mate, nikakipaka nyuma ya kona ile, nikairudisha ukutani. Nikapitisha kiganja juu yake, fwaa, nikakiacha hapo mpaka ikashika.