Ndoo ya Chachu Haioshwi

Enzi zetu kule Balambala, kabla sijawa huyu mnayemwona Garissa na maduka mawili ya mabati na saruji, asubuhi ilianza kwa sauti moja: uji wa unga ukimwagwa juu ya bamba la moto, tssss. Hooyo, yaani mama yangu, aliuzungusha kwa kitako cha kikombe, na anjera, mkate wetu mwembamba wa Kisomali, ikatoboka matundu madogo madogo kama sega la nyuki. Tulipaka samli na sukari, tukashushia chai ya maziwa ya ngamia, vidole vikanata mpaka madrasa, mwalimu akashangaa nzi wanafuata nini kwenye mbao zetu za kuandikia.

Hamira ya pakiti hatukuijua. Hooyo alibakiza chachu kidogo chini ya ndoo, jioni akaongeza unga wa mtama na maji, asubuhi imeumuka. Ndoo hiyo haikuoshwa kamwe. Siku moja mimi, nikitafuta sifa (hata wakati huo nilizipenda), niliisugua kwa mchanga wa Tana mpaka ikang'aa. Hooyo alipoiona alikaa chini.

"Wallahi, huyu ameosha chakula chetu cha kesho!"

Nikatumwa na kibakuli kwa jirani tuliyemwita shangazi, Eedo Halima, kuomba chachu. Watoto wake wakanizunguka: "Mwosha ndoo! Mwosha ndoo!" Jina hilo nilitembea nalo miaka.

Mwaka huu nimenunua mashine ya mkate. Unatia vitu, unabonyeza, inakanda na kuoka yenyewe. Sababu ni Hooyo. Alikuja kukaa nami kwa matibabu ya macho yake, na mkate wa duka alikuwa anauonja na kuurudisha: "Hii ni pamba." Nikaapa mbele ya watoto kwamba wangu ataula mpaka atake kipande cha pili. Kitabu cha maagizo sikukifungua. Mtu aliyeachia shule darasa la tano akajenga ghorofa, afundishwe mkate na karatasi?

Siku ya kwanza nilitia unga wa mandazi, ule uliokwishatiwa beking poda kiwandani, na hamira vijiko viwili. Mkate ukapanda ukasukuma kifuniko, kisha ukazama katikati kama paa la mtu aliyenunua mabati kwingine. Siku ya pili nikatia ata tupu, ule unga wa kahawia wa chapati. Likatoka tofali, na matofali nayajua. Binti yangu Hodan, ambaye hachemshi yai bila kuangalia video, akasema, "Aabo, hili lipeleke dukani." Hooyo alicheka mpaka akashika ubavu. Lakini hakula.

Siku ya tatu akaingia jikoni mwenyewe, akausugua unga kwa vidole. "Joto lote hili, hamira nyingi ya nini? Garissa yenyewe inaumua." Akataka unga mweupe wa kawaida, konzi moja ya mtama, hamira nusu kijiko, maji ya friji. Mkate ukapanda polepole, ukasimama. Akala kipande. Akanyoosha mkono tena. Mimi nikajifanya naangalia simu.

Kabla ya kurudi Balambala aliniachia chachu ya mtama kwenye mkebe, nizoee kuichanganya kwenye unga wa mkate. Jana Hodan, msichana msafi, akauosha mkebe ukang'aa. Nikafungua mdomo nimgombeze, nikaukumbuka ule mchanga wa Tana. Nikacheka peke yangu.

Zamani chachu ikipotea, unavuka ua tu. Leo mtaa wangu una mageti na kamera, mashine ninayo, unga wa kila aina ninao, na hakuna jirani hata mmoja mwenye chachu ya kuniomegea. Basi kesho baada ya alfajiri nawasha gari kwenda kwa Hooyo. Hodan atakaa kando yangu, kibakuli mapajani. Njiani nitampa jina lake jipya.