Singo ya Arobaini

Mwanangu ana miaka tisa sasa. Hasemi, wala hakai bila ya kushikwa, na bado siku zake za mwanzo nazitamani zirudi. Sijui kama ni dhambi, lakini nikisikia harufu ya liwa mtaani husimama kwanza.

Kama ilivyo ada yetu, nilitoka kwangu Kiembe Samaki nikaenda kukaa arobaini ya uzazi kwa mama, Mji Mkongwe, kwenye chumba cha juu kilichofungwa madirisha ili upepo usiniingie. Sijawahi kudekezwa vile maishani. Uji wa pilipili manga alfajiri, supu ya kuku mchana, na mama hataki hata ninyanyue kikombe. Asubuhi na jioni alinisinga, akinisugua mwili mzima kwa singo ya liwa, karafuu na manjano ya kusaga, mpaka shuka na kanga zote zikageuka rangi. Mtoto alilala kifuani pangu, naye akapakika.

"Huyu mmemzaa au mmemuunga mchuzi?" shangazi alitania, nasi tukacheka mpaka mishono ikaniuma.

Siku ya nne tukampeleka kituo cha afya kuangaliwa. Muuguzi alikuwa binti mdogo, msafi, ana haraka. Akamtazama mtoto akiwa ndani ya kanga.

"Bi mkubwa, punguzeni manjano," akamwambia mama. "Mtoto hata sura haionekani!"

Mama akacheka kwa haya. Muuguzi hakumfunua mtoto macho, hakumtoa damu; akaandika kwenye kadi kuwa ni mzima, tukarudi nyumbani. Sikuuliza kitu. Sisi tumelelewa kwamba mwenye koti jeupe haulizwi, na hasira yangu juu ya malezi hayo haijaisha mpaka leo.

Mtoto akawa analala tu. Tukasema mtulivu, mashaallah, kamrithi babu yake. Kisha akaacha ziwa. Siku ya saba alilia kilio chembamba, akajipinda mgongo kwa nyuma, ndipo tukakimbia naye hospitali. Walimweka chini ya taa ya buluu, wakambadilisha damu. Daktari akatwambia ile rangi ya manjano haikuwa singo, ilikuwa ugonjwa, nao ulishafika kwenye ubongo. Angewekwa kwenye taa siku ile ya nne, angepona.

Tulipokwenda mahakamani kukidai kituo haki ya mtoto, wakili wa kituo alishika neno moja tu: singo. Eti sisi ndio tuliouficha ugonjwa kwa mikono yetu. Lawama ikitugeukia, mwanangu hapati kitu. Wakili wetu akamwonya mama ajibu alichoulizwa, basi.

"Bi, ulimsinga mtoto?" wakili wa kituo akamuuliza.

"Nilimsinga mamake. Mtoto akapakika." Kisha mama akaendelea bila ya kuulizwa. "Lakini singo haiingii jichoni. Weupe wa macho yake ulikuwa manjano, nshauona tangu jana yake. Nikataka kumwambia yule binti, nikaona atanicheka."

Wakili wetu akainamisha kichwa. Mimi nikajua tumekwisha.

Kumbe maneno yale ndiyo yaliyotuokoa. Uamuzi ulisema kuwa yeyote ambaye angemfunua mtoto macho angeuona ugonjwa, na kumfunua ilikuwa kazi ya muuguzi, si ya bibi yake. Ndugu wakanipigia simu kunipongeza. Nyumbani nikamkuta mama amempakata mjukuu wake, anamlisha uji kijiko kwa kijiko, anamfuta kidevu kila anapomeza.

"Mmeshinda," akasema, "lakini mimi nliona, nkanyamaza. Hilo halinitoki."

Miaka yote hiyo nilimwacha alibebe peke yake. Nikakaa chini karibu naye, nikamshika mwanangu mguu.

"Mama, mimi ndiye nlokuwa nikimnyonyesha," nikamwambia. "Na mimi nliyaona macho yake."