Kumtafuta Sange Njia ya Bomba la Gesi

Likizo za walimu zina utaratibu wake. Unafunga shule, unapanda basi, unakwenda kwenu kugombana na ndugu kuhusu shamba. Kwetu ni Njombe, ndugu ninao, na shamba lipo. Lakini tangu nihamishiwe Mtwara kufundisha baiolojia, likizo zangu zinaishia porini na visiwani, begi mgongoni, nikitafuta wanyama. Wenzangu wa ofisi ya walimu wanaamini nina mchumba Msimbati. Nimewaacha waamini hivyo, maana ni maelezo yenye heshima zaidi.

Wanyama wenyewe hawajanitendea haki. Nguva niliyemfuatilia nusu siku nzima kwa ngalawa, jua la utosi, alikuwa dumu la mafuta ya kula. Kiboko wa mdomo wa Ruvuma nilionyeshwa masikio yake, na mwenye mtumbwi aliapa kwamba ni masikio. Nilipiga picha. Kwenye picha ni vijiti viwili. Wanafunzi wangu waliitazama, wakanyamaza kwa huruma, kitu ambacho mwalimu hapewi mara nyingi.

Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba kuna sange nyuma ya nyumba ya mama mmoja, katika kijiji cha njiani kabla hujafika Msimbati, sikungoja kuambiwa mara ya pili. Sange ni mnyama mdogo, mwenye miguu myembamba na pua ndefu inayochezacheza muda wote kama anayenusa chumvi ya mboga. Hutembea mchana, jambo linalompa sifa kubwa kwangu, kwa sababu mimi usiku nalala.

Yule mama alikuwa mjane, mkulima wa mikorosho na muhogo. Nilibisha hodi, nikatoa shikamoo, nikatoa na sukari niliyobeba, kisha nikaeleza kilichonileta.

"Sange," nikasema. "Nataka kumwona tu."

"Kumwona."

"Ndiyo, mama."

"Halafu?"

"Basi."

Akaniangalia viatu, akaiangalia darubini iliyoning'inia shingoni, akaiangalia na simu niliyokuwa nimeinyanyua juu kutafuta mtandao. "Haya, karibu mwanangu," akasema polepole, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa siri na amekubali kuitunza. Sikuitilia maanani sauti ile. Nilikuwa na haraka ya kukiona kichaka.

Jioni ile, tukila ugali wa muhogo na kisamvu, alinieleza habari za jirani yake. Nyumba ya jirani ilikuwa ng'ambo tu ya mpaka wa shamba lake, ya tofali, bati la bluu. Miaka ya bomba la gesi walikuja watu wenye kofia ngumu, wakapima, wakafunga tepe nyekundu kwenye miti, na kila mkorosho uliokuwa njiani mwa bomba ukalipwa fidia. Bomba lilipita kwa jirani. Kwake halikufika. Alisimulia bila chuki yoyote, ila kila alipofika kwenye neno bati aligeuza shingo kulitazama. Yake ilikuwa nyumba ya udongo na makuti, na makuti yenyewe yalikuwa yamechoka.

"Mimi sitaki makubwa," alisema. "Nataka mvua inyeshe, na mimi nilale. Nisiamke kuhamisha godoro."

Nilimwambia Mungu atajalia. Akasema inshallah, akaniongezea kisamvu.

Kile kichaka chake kilikuwa kipande cha msitu kilichobaki kwenye mteremko, hakuna aliyewahi kuona faida ya kukilima. Nilikaa humo siku tatu juu ya kigoda alichoniazima. Kazi ya kumtafuta sange ni kukaa kimya ukiangalia mahali pamoja mpaka watu waulizane kama u mzima. Nilikuta viota vyake vya majani makavu, vimerundikwa chini ya miti, na ili nisipotee nikachana kitenge changu cha zamani, chekundu, nikafunga kitambaa kwenye kila mti wenye kiota. Kisha nikasimama kila penye kitambaa na kuweka alama kwenye ramani ya simu. Leo naliandika hili nikiwa nimekaa, la sivyo ningehitaji kukaa.

Siku ya tatu niliiona pua. Ilitokeza kwenye majani, ikacheza, ikarudi ndani. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa, furaha ya mtu aliyekosa nguva na kiboko kwa mpigo. Lakini kesho yake nilishapanga na watu wa boti kwenda kisiwani, na mtu wa boti ukimwangusha mara moja hakupokelei simu tena.

"Nakwenda kisiwani, nitarudi Jumapili kumalizia," nilimwambia mwenyeji wangu.

"Kumalizia?"

"Ndiyo, mama. Kuna dalili nzuri sana."

Akashika kifua. Nikadhani naye anawapenda sange.

Kisiwani niliona ndege wengi na kaa mmoja aliyeondoka na soksi yangu. Jua lilinichubua pua. Sikujali, maana mawazo yangu yote yalikuwa kwenye kile kichaka.

Jumapili niliporudi, moshi niliuona kabla sijaiona nyumba. Mteremko ulikuwa mweupe. Msitu haukuwepo. Visiki vilikuwa vinafuka, na katikati ya visiki, kutoka juu mpaka chini, ilipandwa miche ya mikorosho, imebanana kama mchicha. Hakuna mkulima wa Mtwara asiyejua kwamba mikorosho haipandwi hivyo. Lakini fidia huhesabu miti. Vitambaa vyangu havikutupwa. Kila kimoja kilikuwa kimefungwa kwenye kijiti kilichochomekwa ardhini, palepale nilipokuwa nimekifunga.

Mwenyeji wangu alitoka akifuta mikono kwenye kanga, amechoka, uso unang'aa. Miche ilitoka kwa kaka yake anayekaa Nanyamba, alisema, imeletwa kwa bodaboda safari nyingi. Ndugu wote walikuja kukata. "Umeona, mwanangu? Sasa hesabuni."

"Mama," nikasema, "hakuna bomba."

"Najua."

"Mimi ni mwalimu. Nilikuwa natafuta sange."

"Najua, mwanangu. Hata yule wa kwanza, aliyekuja kupima kwa jirani, alisema ni mwanafunzi tu, yuko kwenye mafunzo. Hamruhusiwi kusema."

Nikatoa kitambulisho. Akakisoma mbele na nyuma. "Mwalimu ni wa serikali?"

"Wa serikali."

"Na gesi?"

Nikafikiri. "Ya serikali."

"Basi," akasema, akanirudishia kitambulisho. "Ntu haji na begi kubwa hivi kwa ajili ya sange."

Nilikasirika. Nilikwenda nyuma ya jiko nikasimama peke yangu, nikitaka kupiga kelele kwa ajili ya ile pua. Niliwaza mnyama mwenye miguu kama njiti akikimbia moto, na maneno makali yalinijaa mdomoni, ya kumwambia mama wa watu mambo ya msitu na ya akili. Kisha nikaona godoro. Lilikuwa limeegemezwa ukutani juani, lina ramani za maji, mpya juu ya za zamani. Hasira ikaisha, ikabaki huzuni, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu huna wa kumtupia.

Nikamwambia mara ya tatu. Nilimkalisha, nikamshika mikono, nikasema neno kwa neno kwamba hakuna atakayekuja kupima wala kulipa, na kwamba ile miche aipunguze mapema ili michache ikue. Alinisikiliza kwa adabu yote. "Nimesikia," akasema. Kisha akachukua ndoo akaenda kumwagilia, mstari kwa mstari, bila kuruka hata mche mmoja.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Bodaboda ilikuwa imeshawashwa, begi langu limefungwa nyuma. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, yenye malengelenge ya panga.

"Usinisahau, mwanangu."

Mtu hujibu nini? Nilijibu nilivyofundishwa nyumbani kumjibu kila mama anayeniaga.

"Sitakusahau, mama."

Akaniachia mkono. Tulikuwa tumeshaanza kuondoka niliposikia kigelegele, kirefu, na mlango wa ile nyumba ya bati ukifunguliwa, na jirani akiuliza kuna nini.

"Kakubali!" alimjibu. "Kakubali kwa mdomo wake!"