Majibu Mawili ya Kipete cha Kioo

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Ijumaa, kompyuta yangu ilinipa jibu tofauti na la jana yake. Swali lilikuwa lilelile.

Kazi yangu hapa Kilosa ni kutengeneza redio na simu. Hesabu za mwanga nilijifundisha mwenyewe baada ya kumaliza kidato cha nne, na wakati huo nilikuwa nikikokotoa jinsi mwanga wa leza unavyozunguka ndani ya kipete kidogo sana cha kioo. Kipete chenyewe sijawahi kukiona. Ninacho kwenye hesabu tu. Mwanga ukijaa ndani yake, kioo hubadilika kidogo, na badiliko hilo ndilo huamua mwanga mwingine uingie kiasi gani. Kwa hiyo ukiongeza leza mara mbili, usitegemee kupata mwanga mara mbili.

Kwa kawaida nilianza na leza dhaifu nikaipandisha polepole, kila hatua ikianzia pale iliyotangulia ilipoishia. Alhamisi umeme ulikatika sijafika juu. Uliporudi alfajiri, ulirudi kwa nguvu mpaka taa ya jirani ikapasuka. Asubuhi nikaanza na leza kali, kwa kuwa huko ndiko kulikobaki, kisha nikashuka. Katikati nikakuta kipete kimejaa mwanga. Jana, kwa leza ya nguvu hiyohiyo, kilikuwa karibu kitupu.

Kwetu kitu kikikosea baada ya umeme kurudi, hakuna anayetafuta sababu nyingine.

"Imekufa," nilimwambia mke wangu.

"Mbona inawaka?"

"Inawaka, lakini inadanganya. Nataka kununua nyingine."

"Kompyuta hailimwi, baba watoto."

Pesa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya msimu: kodi ya shamba la mpunga la ekari tatu kule Tindiga, trekta na mbegu. Mzee mwenye shamba alisema ikifika alasiri hajalipwa, atampa mtu mwingine. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe mke wangu alinipa pesa kwa sharti moja: nisinunue kompyuta nyingine kabla ya kuijaribu kwa hesabu ileile. Yangu ikionekana nzima, nimtumie pesa amlipe yule mzee.

Nilipanda basi la Mikumi. Kwenye duka la kompyuta nilimkuta binti mmoja akiuza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nataka kuijaribu kompyuta hiyo kabla sijalipa."

"Jaribu tu, ila usiniwekee picha za harusi."

Nilipakia hesabu yangu, nikaipandisha leza kutoka chini. Katikati kipete kilikuwa karibu kitupu, kama Alhamisi. Basi yangu ndiyo mbovu, nikajisemea, nikatoa pesa mfukoni. Simu ikaita.

"Mzee wa Tindiga anauliza," alisema mke wangu. "Umeijaribu?"

"Nimeijaribu. Imetoa jibu sahihi."

"Sahihi lipi? Si ulisema yalikuwa mawili?"

Nilirudisha pesa mfukoni. Ni kweli, la pili sikuwa nimelitafuta. Nikaanza na leza kali, nikashuka hatua kwa hatua. Katikati, kipete kikawa kimejaa.

"Kwa hiyo na yangu mbovu?" binti akauliza nilipomwonyesha majibu yote mawili.

"Zote mbili nzima."

"Basi mbovu ni wewe, mzee wangu."

Nilicheka, lakini alikuwa karibu na ukweli. Nikamweleza kuwa majibu yote mawili yalikuwa sahihi. Ni kama tuta la jaruba la mpunga: maji huhitaji kimo fulani ili kulivunja, lakini yakishalivunja yataendelea kupita hata yakipungua chini ya kimo hicho. Kipete nacho kikishajaa, kioo chake kimeshabadilika, na mwanga hubaki ndani kwa leza ambayo isingeweza kukijaza. Nguvu ya leza peke yake haitoshi kujua hali ya kipete. Lazima ujue umeifikia kwa kupanda au kwa kushuka.

Wakala wa pesa za simu alikuwa mlango wa pili. Nikatuma pesa, nikampigia mke wangu.

"Imefika," alisema. "Nimeshamlipa. Lakini kwa kuchelewa kwako, ekari moja kampa mtu wa Zombo. Tumebaki na mbili."

"Mbili zinatosha?"

"Utakula kwa kupanda au kwa kushuka?"

Kumbe kule dukani sikuwa nimekata simu, na mke wangu alikuwa bado hewani nilipomweleza binti mambo ya kipete kwa sauti kubwa. Tulilima ekari mbili. Kwa kutonunua kompyuta, ukitoa nauli ya kwenda na kurudi na makato ya wakala, tuliokoa shilingi laki sita na elfu themanini.