Shuka Zimeingia Mara Ngapi

Ukurasa unaosomwa kuliko yote katika ofisi yetu ya utalii hapa Moshi mjini unaeleza hali ya hewa ya Unguja, mwezi kwa mwezi. Niliuandika mimi, nikiwa sijawahi kuona bahari.

Kazi ya ofisi ni kupandisha wageni mlimani. Wakishuka, midomo imepasuka kwa baridi na magoti hayakunjiki, wengi wanataka kitu kimoja tu: kulala mchangani siku nne kabla ya kurudi kwao. Kwa miaka mingi tuliwapa karatasi iliyosema Unguja ni jua mwaka mzima. Kisha wageni wawili wakaenda Aprili, wakarudi na viatu vinavyonuka uvundo, wakasema waliyoyasema mbele ya watu. Walipoondoka, bosi alinigeukia. Nilikuwa kwenye majaribio, napokea simu.

"Si wewe unayejifanya mwandishi? Andika ukweli. Ukurasa ukitoka, nakupa mwaka mmoja. Yakifika malalamiko mawili ya hali ya hewa, karatasi ya zamani inarudi, na wewe unarudi Old Moshi kukatia ng'ombe majani."

"Na yasipofika mawili?"

"Meza hiyo ni yako."

Niliomba mwaka wa kukusanya habari. Alinung'unika, akakubali.

Vipimo vya mvua vilikuwapo mtandaoni, lakini milimita hazimwambii mtu kama ataota jua. Nyumbani kwetu hali ya hewa hupimwa kwa kahawa. Punje zikishamenywa na kuoshwa huanikwa kwenye vichanja, na wingu likiteremka kutoka msituni tunakimbia kuzifunika kwa turubai. Ukimwuliza mama siku ilikuwaje, hasemi mvua wala jua. Anasema, "Tumefunika mara tatu," na kila jirani ameelewa. Nilihitaji mtu wa Unguja anayeanika kitu.

Fundi cherehani wa mlango wa pili, mama wa Kiislamu aliyezaliwa hapa hapa mjini, ana dada yake aliyeolewa Unguja zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Huyo dada anafua shuka za nyumba ya wageni karibu na ufuko. Nikapewa namba. Nilimpigia kila jioni kwa mwaka mzima.

"Shikamoo mama. Shuka zimeingia mara ngapi leo?"

"Marahaba mwanangu. Mara moja, saa nne. Sijamaliza kukunja, jua hilo limetoka, nikazirudisha kambani. Mvua ya huku haina adabu, inaingia bila hodi na kutoka bila kuaga."

Niliandika yote. Januari na Februari shuka zilikauka kabla ya adhuhuri, naye akalalamika kwamba jua linapausha zile za rangi. Machi ikielekea kwisha, zikaanza kukimbizwa. Aprili zilikaukia ndani, juu ya viti, zikanuka, ila alasiri nyingi aliiba saa moja au mbili za jua. Julai aliniambia, "Leo baridi, mwanangu, nimelala na blanketi." Nikaandika kwamba wageni wabebe sweta zito. Kwetu Julai ukungu haunyanyuki mpaka saa sita, na mama huvaa koti la marehemu baba akienda kukamua. Sikuona cha kuuliza zaidi.

Mwaka wa kukusanya ulipotimia, ukurasa ulitoka, mwezi Juni. Julai iliyofuata mgeni aliingia ofisini amebeba sweta mikononi kama mtoto mchanga.

"Nimelitembeza ufukweni siku tano," alisema. "Mpaka wauza nazi wamenicheka."

Bosi aliinua kidole kimoja, akanionyesha, akakishusha.

Nilimpigia mama wa shuka. Alicheka mpaka simu ikamponyoka.

"Sweta! Wewe mtu wa mgombani wewe! Baridi ya huku ni ya kujifunika khanga! Mimi nimeshakuwa wa pwani, usiusikilize mwili wangu. Sikiliza shuka!"

Nilifuta sweta. Nilirudia daftari zima, nikaondoa kila kilichotoka mwilini mwake au mwilini mwangu, nikabakiza kamba. Kuanzia hapo, mgeni yeyote akirudi kutoka Unguja nilimtazama miguuni kwanza, kisha usoni.

Aprili ikafika. Walikuja wazee wawili, mume na mke, walimu wastaafu, wametoka kileleni. Bosi aliniinamia sikioni: "Hawa wapeleke mbugani. Usijitafutie la pili." Lakini yule mke alikuwa ameshauchukua ukurasa. Nikamsomea Aprili yote, uvundo ukiwamo: asubuhi ulale, alasiri uvizie saa moja au mbili za jua. Akamtazama mumewe.

"Tumetoka kwenye barafu. Mvua ya joto itatufanya nini?"

Walirudi baada ya siku sita kuchukua mabegi waliyoyaacha kwetu. Mzee alikuwa amekunja uso. Alitoa ukurasa wangu mfukoni, umelainika kwa maji, akautandaza mbele ya bosi. Bosi alisimama. Kidole kilikuwa kimeanza kupanda.

Pembeni mwa mstari wa Aprili mzee alikuwa ameandika kwa kalamu kila siku: mvua imeanza lini, jua limetoka lini.

"Mwandishi wenu amekosea siku moja," alisema. "Jumanne haikunyesha kabisa, na mke wangu alikuwa amelala asubuhi yote kwa kufuata ukurasa. Hajanisamehe kwa kutomwamsha." Kisha uso ukakunjuka. Mkewe alikuwa mwekundu puani kwa jua, Aprili, na anacheka.

Mwaka ulikwisha bila kidole cha pili. Bosi alikuja na kitambaa, akaifuta meza kwa mkono wake, akasema tu, "Haya, kaa." Nilipompigia mama wa shuka, alipiga vigelegele mpaka majirani wakapokea bila kujua wanashangilia nini.

Sasa ukurasa unachapishwa upya kwa karatasi nzuri. Miezi kumi na mmoja imeshapita mikononi mwangu. Simu za jioni kwa mama wa shuka sijaziacha, lakini Novemba imenishinda. Mwaka wa kwanza shuka zilishinda nje karibu mwezi mzima. Mwaka wa pili ziliingia kila siku. Huu ni wa tatu, tuko wiki ya pili: jana zilikaa kambani kutwa, leo zimeingia mara nne. Mchapishaji anataka sentensi yangu kabla ya Ijumaa, na mstari wa Novemba bado hauna neno.