Niliamini gari nyeusi inatoka jasho: madoa ya maji yaliyotaka kunirudisha Bongo kutoka Doha

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Kuna kipindi niliamini kwa moyo wangu wote kwamba gari nyeusi ikikaa Doha inatoka jasho. Jasho kabisa, kama letu la kwapani.

Chekeni taratibu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, siyo "jamaa yangu mmoja". Chumvi kidogo nitaongeza maana ndivyo nilivyoumbwa, lakini gari, Mwarabu na Bi Mwanahawa ni wa kweli.

Kwanza mnijue. Form Four yangu nimeisoma shule ya jioni. Mchana deiwaka, vibarua vya kutwa, jioni darasani nasinzia kwa zamu na mwalimu. Nikatoka na D ya physics ambayo mpaka leo naihesabu kama PhD. Hiyo D ishikeni, tutaihitaji.

Miaka hiyo simu za vitufe bado zina heshima, nikapata kazi ya udereva wa nyumbani Doha, mitaa ya Al Sadd. Bosi tulimwita Baba, kama wafanyakazi wa majumbani kule wanavyowaita wenye nyumba. Probation miezi mitatu. Ukifeli, unapelekwa airport.

Kuendesha hakukunipa shida. Nilikuwa nafeli kuosha.

Baba alikuwa na V8 nyeusi, ile nyeusi ya kujitazama ukanyolea ndevu. Kila Ijumaa baada ya swala nampeleka kwenye majlis ya kaka yake, ile sebule ya wanaume kukutana na kunywa kahawa. Nje pale magari yanapangwa kama maharusi, na wenyewe wanayakagua kuliko wanavyowakagua wakwe.

Sasa mimi na akili zangu nilikuwa naosha saa tano asubuhi, juani. Nilihesabu jua la Julai kama mfanyakazi mwenzangu. Kwa nini nijichoshe kufuta wakati jua lile linakausha shuka kabla hujamaliza kuianika? Namwaga maji, naenda zangu kunywa chai.

Nikirudi gari ni kavu kabisa. Na ina vidoti vyeupe mwili mzima, kama imenyeshewa mvua ya maziwa.

Ijumaa ya kwanza Baba akaizunguka, mikono nyuma.

"Hadha sayara wala nimr?"

Yaani, hii ni gari au chui?

Nikacheka nikidhani ni utani. Hakucheka.

Nikaenda kwa jirani yetu Omosh, Mkenya, dereva wa villa ya ukuta wa pili. Omosh alikuwa na miaka minne Doha, kwa hiyo kwangu mimi alikuwa profesa.

Akaangalia vile vidoti, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Buda, hiyo ni jasho."

"Jasho la nani?"

"La ndai, hii gari yenyewe. Nyeusi hapa lazima i-sweat. Kesho toka na alfajiri uicheki, utaniambia."

Nikatoka alfajiri. Wakuu, gari ilikuwa inatiririka maji! Mvua hakuna, mtu hajaigusa, na matone yanashuka kwenye vioo kama mtu anayeulizwa maswali na polisi. Waliokaa Doha Agosti wanajua unyevu ule wa hewa, usiku unageuka matone kwenye bati la gari. Mimi sikuwa najua. Nikasema Omosh ni nabii.

Nikauliza dawa. Akaniambia, uso mkavu kabisa, "Wewe ukitoka jasho unajipaka nini?"

Sitaki maswali. Nilienda kununua poda ya mtoto.

Ijumaa ya pili nikaosha, nikawasha injini na AC ipoe ndani isije ikatoka jasho zaidi, kisha nikaipiga poda boneti nzima bado ina majimaji. Nilitumia kopo zima. Poda na maji vikashikana, jua likavichoma, ikawa uji. Nikafuta, nikasambaza. Chui akawa pundamilia. Pundamilia mwenye harufu ya kichanga.

Baba akatoka na kanzu yake nyeupe pe. Akanusa. Akaniangalia. Akanusa tena.

Halafu akasema polepole ili nielewe kila neno: "Juma'a jaya, nugta wahid, khalas. Ruh Tanzania."

Ijumaa ijayo, doa moja tu, basi. Rudi Tanzania.

Siku hiyo alienda majlis na gari ya mkewe.

Wakuu, mimi niliagwa na mtaa mzima. Pilau lilipikwa. Mama alinishonea kanzu ya safari. Masufuria ya kuazima nadhani yalikuwa hata hayajarudishwa kwa wenyewe, na mimi nirudi? Niseme nini? Nimefukuzwa na vidoti?

Wiki nzima chakula hakipandi. Alhamisi mchana nimekaa jikoni kwa Bi Mwanahawa, mpishi wetu, Muunguja mtu mzima, miaka mingi nyumba ile. Ameishia darasa la saba na hafichi. Alikuwa anaosha vile vigilasi vidogo vya chai vya wageni.

"We mwanamme una nini, mbona umenywea kama papai la juzi?"

Nikamsimulia yote. Jasho, poda, Omosh. Alicheka mpaka akashika sinki.

Halafu akachukua gilasi mbili, akazisuuza. Moja akaifuta pale pale kwa kitambaa kikavu. Nyingine akaiweka dirishani kwenye jua na maji yake.

"Kaa hapo. Usende pahala."

Nikakaa. Akaendelea kumenya vitunguu kama hakuna mtu anayesubiri hukumu.

Baadaye akaniletea zote mbili. Ya kwanza inameta. Ya dirishani ina vidoti vyeupe, vile vile, ndugu zake kabisa wale wa kwenye boneti!

"Haya nambie," akasema, "na hilo jasho la gilasi?"

Ile D ya physics ikaona aibu kwa niaba yangu. Maana swali la mtihani lilikuwa hilo hilo: maji ya chumvi yakikauka, kinabaki nini? Nilijibu vizuri kabisa. Nikapata tiki. Nikaja nayo Doha, nikaiacha kwenye begi.

Akanipa vitambaa vyake vitatu laini. "Ukinirudishia vina mchanga, usirudi na wewe."

Ijumaa, nimetoka swala ya alfajiri, jua halijapata nguvu, nikaisogeza V8 kwenye kivuli cha ukuta. Kwanza nikafuta lile jasho lake la usiku, nikimtukana Omosh kimoyomoyo.

Maji nilichota kwenye hita ya bafuni niliyoizima tangu jana. Msishangae. Kule kiangazi bomba la baridi linatoa maji ya kuchemshia yai kwa sababu ya tangi la juani, hivyo hita iliyozimwa ndani ndiyo friji yetu.

Nikaanza na paa. Naosha sehemu, nasuuza, naikausha hapo hapo, ndipo nahamia nyingine. Kitambaa nakilaza na kukivuta, sisugui. Kikilowa nabadilisha. Nikafungua milango nikafuta kingo, nikarudia vioo vya pembeni na vitasa, maana hivyo vinajifanya vimekauka halafu vinakuchuruzikia baadaye.

Omosh akachungulia ukutani. "Buda, leo hupaki poda?"

"Leo zamu yako, njoo nikupake!"

Muda wa majlis Baba akatoka. Akaizunguka mara mbili. Akainama kwenye boneti. Moyo wangu ulisikika mpaka West Bay, kule kwenye maghorofa. Halafu akaegemea mlango na kanzu yake nyeupe, akajitazama bega, akaona ni safi.

"Yalla," akasema, yaani twende, akapanda.

Hakuna sifa nyingine. Lakini wakuu, hiyo "yalla" ningeweza kuifremu nikaitundika sebuleni. Probation ikapita, nikakaa nyumba ile miaka sita.

Nilichojifunza: ukifika ugenini, aliyetangulia siyo lazima awe anajua, anaweza kuwa amechoka tu na anatafuta wa kumchekesha. Omosh baadaye alikiri. Tulibaki marafiki, ila nilimnywesha chai ya chumvi.

Wenye mbinu zenu za kukausha gari mwageni hapa, na wewe uliyewahi kulishwa uongo ukaumeza, usijifanye msomaji tu.

Mimi naishia kwenye maneno ya Bi Mwanahawa. Jioni ile nilimrudishia vitambaa, vimefuliwa, nikimshukuru kwa kuniponyeshea gari jasho. Akanitazama kwa huruma, akasema:

"Gari haitoki jasho, mwanangu. Maji yakikauka yenyewe huacha chumvi yao. Yafute kabla hayajakauka. Basi."